Kidevu Juu, Usipepese

Mke wangu amewapiga picha watu wa mji huu hadi amewamaliza, na karibu wote wamevaa koti moja. Koti lenyewe ni la kijivu, linaning'inia nyuma ya pazia letu, na tai yake imeshonewa palepale kwenye kola ili mtu asihangaike. Ukikusanya vitambulisho vya mtaa wetu ukavipanga mezani, utadhani sisi sote ni ndugu wa tumbo moja tulionunuliwa nguo na baba bahili.

Chumba chetu cha kazi ni kimoja, pazia katikati. Upande wa mlangoni ni wangu: kiti cha kunyolea cha kupandisha na kushusha, kioo, mashine mbili, wembe, poda na brashi ya shingo. Upande wa ndani ni wake: stuli, shuka jeupe ukutani, taa mbili zenye miavuli, na printa inayokohoa kwanza kabla ya kutoa picha. Mtu anaingia kwangu akiwa kichaka, anapita pazia, anatoka akiwa raia. Mimi nasema sana, maana kinyozi mkimya hufukuza wateja. Yeye ana maneno machache, na mengi ya hayo machache ni haya: "Kidevu juu. Tazama hapa. Usipepese."

Kwenye ile silabi ya mwisho ndipo kidole chake kinapobonyeza. Alifundishwa na marehemu baba yake enzi za filamu, wakati picha iliyoharibika ilikuwa kelele za siku nzima, na tangu hapo kidole hakijui kazi bila maneno. Siku moja nilimchokoza. Nikamwambia ampige paka picha bila kutamka kitu. Alikaa dakika nzima, kidole kinamtetemeka, jasho linamtoka, mwishowe akanong'ona, "Kidevu juu." Paka akainua kidevu. Sisemi uongo, ingawa najua mbele ya safari mtaona sababu ya kutoniamini.

Watu humwita Mama Usipepese. Watoto wa mtaa wote wamekulia kwenye ile stuli, picha ya kuanza shule, picha ya kumaliza shule, picha ya kuomba kazi, na wote wana ugonjwa mmoja: wakisikia sauti yake wakati wowote, mahali popote, shingo zinanyooka na pumzi zinasimama. Nimeona dereva wa lori akigandishwa hivyo sokoni, gunia mgongoni, kwa sababu mke wangu alikuwa anampiga mtu mwingine picha kando yake. Tulicheka sana siku hiyo. Hatukujua tunacheka nini.

Mbio za baiskeli ziliingia nyumbani kwetu kwa njia ya hasira. Jumapili moja barabara ya mbele ya duka ilifungwa tangu asubuhi, mteja hawezi kuvuka, na mke wangu akatoka na kamera yake akisema anakwenda kuchukua ushahidi awashitaki watu wa chama cha baiskeli. Nikamwona anasimama ukingoni mwa barabara, mkono kiunoni. Kundi likaja, wanaume kama sitini wamebanana, likapita kwa mvumo mmoja na upepo uliopeperusha gauni lake. Aliporudi ndani alikuwa na picha moja tu na uso ambao mara ya mwisho niliuona siku ninamposa.

"Umewaona?" akaniuliza.

"Nimeona migongo."

"Mimi nimeona nyuso. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba anatazamwa."

Sikumwelewa siku ile. Baadaye nilielewa. Mtu aliyetazama watu thelathini kila siku wakijitengeneza mbele yake, wakibana midomo, wakificha pengo la jino, alikuwa amekutana na watu waliosahau kabisa kwamba wana sura. Akanogewa. Tangu hapo kila Jumapili yenye mbio hatukuonekana nyumbani, na wale aliotaka kuwashitaki wakawa marafiki zake.

Ile picha aliibandika dirishani. Katibu wa chama alikuja kunyoa, akaiona, akaulizia aliyeipiga. Chama hakikuwa na kamera ya mstari wa mwisho. Walikuwa na waamuzi watatu wenye macho, na tatizo la macho ni kwamba yana jamaa. Kila mbio ziliisha kwa ugomvi. Basi wakamwomba mke wangu asimame mstarini, na wakatunga kanuni: picha ikiwepo, picha ndiyo inayoamua, isipokuwepo, waamuzi watapiga kura.

Alijiandaa kwa kazi hiyo kama anajenga ghorofa. Alikwenda kwa fundi mwashi akaazima timazi, ile kamba yenye kichwa cha risasi wanayotumia kunyoosha kuta, akaitundika kwenye nguzo kando ya barabara. Ng'ambo akasimika fimbo iliyopakwa rangi nyekundu. Kamba, fimbo na mstari mweupe vikikaa pamoja ndani ya kamera, hapo anajua hajapinda hata nywele moja. Kisha anapanda juu ya kreti la soda, maana ni mfupi, na mimi nakaa kwenye ukingo wa kreti lisiyumbe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Ya pili ilikuwa kupeleka kadi ya kamera kwenye meza ya waamuzi, hatua ishirini kutoka pale, wakaitazame kwenye kompyuta.

Mwanzoni vijana wenye kamera kubwa walimcheka. Wao hubonyeza na kushikilia, kamera inatema picha kama mahindi yanavyopasuka motoni. Yeye akawaambia, "Kamera yako inapiga nane kwa sekunde. Baiskeli kwa sekunde hiyo inakwenda mita kumi na saba. Kati ya picha na picha kuna mita mbili hujaona kitu. Mstari wenyewe ni upana wa kiganja." Yeye alipiga moja. Walipobakiza kama mita thelathini alianza kunong'ona, kidevu juu, tazama hapa, usipepese, na silabi ya mwisho iliangukia mstarini. Miaka tisa hakukosa. Waendesha baiskeli hawakuwahi kumsikia, kwa kuwa alinong'ona na watu walikuwa wakipiga kelele.

Sasa nimlete Msumari. Msumari ni mtoto wa dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo kwetu ni mwana. Jina alilipata kwa wembamba na kwa unyoofu wa mgongo. Siku za kazi anasambaza mikate kwa baiskeli nzito yenye kreti mbili nyuma, Jumapili anapanda ile nyepesi, na mimi nilimwona akikua kutoka kulia kwenye stuli hadi kuwaacha watu wazima mlimani. Mwaka ninaousimulia alikuwa anakaribia kutimiza ishirini na mitatu. Timu moja ya nje ilikuwa imeahidi nafasi moja, moja tu, kwa mshindi wa mbio kubwa za msimu, kilomita mia na arobaini, na haikuchukua mtu aliyefikisha umri huo. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huo au basi tena. Shemeji yangu, mama yake, alikuwa amekwisha kumnunulia soksi za baridi.

Mpinzani wake mkubwa aliitwa Mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, wa shule ya msingi, kijana wa ishirini na mbili, mpole wa kuudhi. Husema "samahani" anapokupita. Mimi sikumpenda kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa na mbio.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na lami ilinuka. Tulikaa mstarini kwa muda wa saa nne. Pikipiki ya waamuzi ilitangulia ikatupa habari: wawili wamejitenga, wameliacha kundi dakika mbili nyuma, Msumari na Mwalimu. Shemeji alianza kupiga vigelegele kabla hata hatujaona mtu. Kisha wakatokea kwenye kona, wameinama, wanapokezana kukata upepo, na mita mia mbili kabla ya mstari Msumari akachomoka. Akaja upande wetu kabisa, karibu na vizuizi, nusu tairi mbele, halafu tairi zima mbele. Nilimwona meno. Nilipiga kelele nikasahau kwamba nimekalia kreti, nikasimama.

Kreti likayumba. Mke wangu akashika nguzo kwa mkono mmoja, kamera ikabaki sawa kwenye miguu yake mitatu, na yale maneno, ambayo miaka tisa yalikuwa mnong'ono, yakamtoka kwa sauti ya studio. Si sauti ya kawaida. Ni ile inayonyamazisha mtoto mchanga anayelia na mama yake pamoja.

"Kidevu juu! Tazama hapa! Usipepese!"

Na Msumari, aliyekaa kwenye stuli ile tangu ana miaka sita, akiwa mita nne kutoka kwenye nafasi yake ya maisha, akageuza uso, akainua kidevu, akafumbua macho na kusimamisha pumzi. Miguu nayo ikasimama. Si zaidi ya nusu mzunguko wa pedali. Mwalimu, ng'ambo yake, kichwa kikiwa katikati ya mikono, akaisukuma baiskeli mbele kwa nguvu zake zote za mwisho.

Wakapita. Watu wakaruka vizuizi, wakambeba Msumari juu juu. Kila mtu alikuwa amemwona mbele, na nani hutazama mita nne za mwisho wakati ameshaanza kushangilia? Mwalimu alikwenda kukaa kivulini peke yake, akafungua chupa yake ya maji.

Mke wangu alitazama kioo cha kamera. Nikatazama begani kwake. Tairi la Mwalimu lilikuwa mbele kwa unene wa kidole. Na kando yake, Msumari: masikio yote mawili yanaonekana, macho wazi, mdomo umefungwa, mabega sawa. Afisa yeyote wa serikali angeipokea picha ile bila swali. Rangi ilimtoka mke wangu usoni. Akafungua kamera, akatoa kadi, akaiweka kiganjani mwangu.

"Peleka," akasema.

Hatua ishirini. Kwenye hatua ya saba nikakutana na shemeji, amevua viatu kwa furaha. Akanishika shingo. "Shemeji! Mwanangu ameshinda!" Mdomo huponza kichwa, na wangu ni wa kuongozwa na kila mtu isipokuwa mimi. Nikamwambia ukweli sikioni.

Furaha ilimtoka taratibu. Hakupiga kelele. Akauliza tu, "Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na mdogo wako."

"Basi haipo," akasema. "Shemeji, tazama. Watatu wale watapiga kura, na wote watatu wamemwona mwanangu mbele. Nakuomba. Haitakuja nyingine."

Nilimtazama Msumari juu ya mabega ya watu. Nilifikiria mikate. Nilifikiria kwamba kosa si lake, ni letu. Mimi ndiye niliyesimama, kreti ni langu, kelele ni ya mke wangu. Nikajiambia kwamba kuificha picha ni kusawazisha tu. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi wakili, na wakili mwenyewe anakaa kichwani. Mfuko wa shati langu ulikuwa umetoboka. Mfuko wa suruali wangeupekua. Nikajifanya napiga chafya, nikaitia kadi mdomoni, nikaisukuma shavuni na ulimi.

Mezani aliketi mwamuzi mkuu, nesi mstaafu tunayemwita Bibi Filimbi kwa kile kinachoning'inia shingoni mwake. Akanyoosha mkono. "Kadi."

Nikaonyesha viganja vitupu. Nikageuza mifuko, pamoja na uliotoboka, nikautazama ule uliotoboka kwa huzuni kubwa. Nikaonyesha barabara.

"Imeanguka?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kundi lilipokwisha kupita, Bibi Filimbi akapuliza filimbi, akaamuru watu watafute. Mkiona watu wazima arobaini wamepiga magoti kwenye lami ya saa saba mchana mtanielewa ninaposema kwamba jehanamu nimeiona robo. Katibu alitambaa chini ya meza. Polisi alivua kofia akachungulia mtaroni. Mke wangu naye alishuka kwenye kreti akainama, akawa anapapasa chini ya vizuizi, polepole, na mara mojamoja ananitazama. Na Mwalimu akaja. Akaja anatembea kama bata kwa vile viatu vyao vyenye chuma kwenye soli, akapiga magoti karibu na miguu yangu, magoti yanachubuka, akaniuliza, "Samahani, mzee, unakumbuka ulikuwa umesimama wapi?"

Nilionyesha kwa kidole. Mate yalikuwa yamejaa kinywani na sikuweza kumeza. Yule kijana akasema ahsante, akaenda kutafuta nilikoonyesha.

Dakika kumi zikapita. Bibi Filimbi akasimama, akasema hapana budi, picha haipo, waamuzi watapiga kura. Hapo mke wangu akaja. Alijipangusa vumbi la magoti, akasimama mbele yangu, akafungua kiganja chini ya kidevu changu.

"Kinyozi," akasema. Akiniita Kinyozi ujue hali ya hewa si nzuri. "Dakika kumi hujasema neno. Tangu unioe hujawahi kumaliza mbili. Tema."

Nikatema.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Shemeji hakucheka. Mke wangu akaifuta kadi kwa pindo la blauzi yake, akaipuliza, akaipeleka mwenyewe mezani. Nilitamani iwe imekufa. Ilifunguka bila shida.

Bibi Filimbi alivaa miwani, akatazama, akasogea, akatazama tena. "Aliyeshinda ni Mwalimu," akasema. Kisha akaelekeza kidole kwa Msumari. "Lakini huyu mbona kama amekuja kuomba pasipoti?"

"Ni mimi," mke wangu akasema, na akasema kwa nguvu ili hata walio nyuma wasikie. "Nimempigia kelele. Nimemwambia atazame hapa, akatazama. Kama kuna adhabu, nipeni mimi. Kama kuna kurudia, warudie."

Bibi Filimbi akafungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akafunua kurasa zote. Alitafuta kwa haki, nakiri. "Kuna kifungu cha mbwa kuingia barabarani," akasema. "Kuna cha treni. Kuna cha mtu kumsukuma mwenzake. Cha kidevu hakuna." Akakifunga. Msumari akashushwa kutoka mabegani, taratibu, kama mzigo uliopelekwa nyumba isiyo yake. Alimwendea Mwalimu akampa mkono. Kwetu hakuja.

Mimi nilifungiwa kukaribia mstari msimu mzima. Juu ya kreti sasa wameweka mfuko wa mchanga, na waungwana hawakukosa kuniambia kwamba mfuko ule haujapoteza kadi hata moja. Nimenyoa watu waliokuwa wakinitazama kwenye kioo na kuvimbisha shavu. Mmoja aliniletea peremende akasema niiweke mahali salama. Ningeweza kukasirika, lakini mtu mwenye wembe akikasirika anafilisika.

Shemeji aliacha kuja kwetu. Akikutana na mdogo wake njiani alivuka barabara. Mke wangu alikwenda nyumbani kwake mara tatu, mara tatu akajibiwa na mlango. Kila aliporudi aliingia upande wake wa pazia akapanga koti, akalipangusa, akalipanga tena. Nilimsikia analia mara moja, na alilia vibaya, kwa kelele, maana hana mazoea. Mwalimu alikwenda zake kwenye ile timu ya nje. Kabla ya kuondoka alikuja kupiga picha za safari, akakaa kwenye stuli akiwa ameona haya, na mke wangu akampiga picha nzuri, hakumpunja kitu.

Msumari alikuja wiki ya sita. Nilisikia kengele ya baiskeli ya mikate, nikadhani anapita tu. Akaingia, nywele zimemfunika masikio, akakaa kwenye kiti changu bila salamu. Nikamfunga kitambaa shingoni. Nyuma ya pazia printa ilikoma kukohoa.

Nilimnyoa nusu kichwa bila kusema kitu. Rekodi yangu ya pili.

"Baba mdogo," akasema mwishowe, "nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba nimeshindwa. Mtu anajua tairi lake. Kabla hawajanibeba nilikwisha jua. Nikakaa kule juu, nikawa natazama watu wanatafuta kadi, naomba Mungu wasiione."

Nilizima mashine.

"Kama ungeimeza ningekwenda," akaendelea. "Watu wananiambia, afadhali, hungelala usingizi na ushindi wa mwenzako. Uongo mtupu. Ningelala kama mtoto. Ningeamka huko kwenye baridi na soksi zangu, ningekula, ningeendesha. Ndiyo maana nilikukasirikia wewe zaidi. Mama mdogo alifanya alichokuwa lazima akifanye. Wewe ulikuwa na kazi moja tu, kufunga mdomo, na hata hiyo ikakushinda."

Kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka kwa woga, kisha kwa nafuu, hadi nikalazimika kuuweka wembe mezani. Tulipotulia macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Inauma, Baba mdogo. Nisikudanganye. Kila asubuhi nikipakia mikate inauma." Nikamwambia najua, na hilo ndilo neno pekee la maana nililopata. Nilimalizia nusu iliyobaki. Akasimama, akajitazama kwenye kioo, akafungua pazia kidogo na kuingiza kichwa.

"Mama mdogo, Jumapili kuna mbio. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo," sauti ikajibu. "Nimeanza kubana kitambaa mdomoni."

"Vizuri. Mama anasema uje kesho, lakini usije na huyu." Akanipiga begani, akatoka, akaondoka na mikate yake.

Tulibaki wawili. Mke wangu alitoka nyuma ya pazia, akakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, jambo asilolifanya, na akawa anakizungusha polepole kwa mguu. Nilikuwa na furaha, na nikifurahi husema.

"Unajua," nikamwambia, "nikikaa nikifikiria, kilichoniponza ni kile kimya. Ningejifanya naongea kidogo tu, hata kwa kunung'unika, usingegundua kabisa."

"Nilikuona unaiweka," akasema.

"Uliniona wapi?"

"Nilikuwa juu ya kreti. Kutoka pale naona kila kitu. Nilikuona na dada, nikakuona unapiga chafya ya uongo."

Nikafikiria zile dakika kumi. Nikamfikiria amepiga magoti chini ya vizuizi, anapapasa lami kutafuta kitu ambacho alijua kiko shavuni mwangu.

"Sasa mbona ulitafuta? Mbona hukuja mara moja?"

Alisimamisha kiti. Alinitazama, si kwa hasira, kwa yale macho yake ya kazini, yanayosubiri mtu aache kujitengeneza.

"Nilidhani utaitoa mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nakupa nafasi."

Aliingia ndani, na printa ikaanza tena kukohoa. Nilichukua ufagio nikafagia nywele za Msumari, nikazizoa, nikarudia kufagia, na kwa mara ya tatu katika ndoa yetu sikuwa na la kusema.